Uliza Fundi: Kabla ya springi, nenda mizani

*Shikamoo Fundi. Nina Hilux Vigo ya mwaka 2012, dabo kebini ya dizeli. Mara mbili kwa wiki natoka Arusha kupeleka mahitaji kwenye kambi ya watalii upande wa Ziwa Natron: madumu 20 ya maji, magunia ya chakula, mitungi miwili mikubwa ya gesi, na watu watatu mbali na mimi. Nikishapakia, nyuma inakaa chini na taa za mbele zinamulika vilele vya miti. Shokapu za nyuma nimebadilisha mara tatu tangu mwaka jana. Rafiki yangu anasema niinue gari inchi tatu. Mwingine anasema niweke mifuko ya hewa. Fundi wangu anataka kuongeza vyuma viwili kwenye springi za nyuma. Nimsikilize nani?*
*— Msomaji wa Njiro, Arusha*

Marahaba, kijana wangu. Wote watatu wamekupa jibu, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza unabeba kilo ngapi. Mimi nimejaribu kuhesabu kwa barua yako. Madumu 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji matupu. Chakula tuseme kilo 200. Watu wanne, kilo 280 au 300. Mitungi ya gesi, kama ni ile ya kilo 15, chuma chake na gesi yake, ni kama kilo 60 yote miwili. Hapo sijagusa bampa la chuma, kerea, wala tairi la akiba la pili, na sijaona Vigo ya njia ya Natron isiyokuwa navyo. Umeshafika tani moja, pengine umeipita, na gari hiyo ukihesabu na abiria haikutengenezwa kubeba zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haigusi spana. Tafuta mizani ya malori, kwenye ghala la nafaka au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, upime mara mbili: gari tupu likiwa na tangi limejaa, halafu siku ya safari ukiwa umepakia. Kila mara pandisha kwanza matairi ya mbele peke yake, kisha gari zima. Ukitoa, unapata uzito uliolala kwenye ekseli ya nyuma. Andika namba hizo kwenye karatasi uende nayo dukani. Springi nzuri za magari ya porini, kama za Old Man Emu kutoka Australia, huuzwa kwa madaraja ya uzito unaokaa kwenye gari siku zote. Muuzaji anayekuuliza gari ni ya mwaka gani na akaishia hapo, muage kwa heshima uondoke.

Sasa ugumu wako wewe uko hapa, na hakuna aliyeuona: unakwenda umejaa, unarudi na madumu matupu. Springi ya kubeba kilo 500 za kudumu itakupendeza sana hadi Natron. Kurudi, itakurusha. Kwenye rasta, yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi, gari tupu lenye springi ngumu halikanyagi ardhi. Linaruka juu ya vilele vya rasta, na kwenye kona mkia unatangulia. Ndiyo maana sikubaliani na vyuma viwili vya fundi wako. Springi zako za nyuma ni vyuma bapa vilivyolaliana; akiongeza vipya katikati ya vile vya zamani vilivyokwisha kulegea, vipya vitabeba mzigo wote peke yake mpaka kimoja kikatike.

Ningekuwa wewe ningenunua seti kamili ya springi za nyuma za daraja la kati, yenye chuma kinene cha chini kabisa ambacho hakiguswi gari likiwa tupu. Ukipakia, springi inashuka, kile chuma kinaingia kazini. Ukishusha mzigo, kinapumzika. Nunua na yubolti mpya, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, usirudishe za zamani, maana zimeshavutika. Baada ya kilomita 500 rudi zikazwe tena. Vijana wengi wa gereji hawakwambii hili, na senta bolti, ile inayoshika vyuma vya springi katikati, ikikatika huko Engaruka njiani kwenda Natron, ekseli inasogea kutoka mahali pake.

Mifuko ya hewa inavutia, najua. Ukipakia unajaza, ukishusha unapunguza. Kwa mtu wa lami anayevuta trela mara moja kwa mwezi sina ugomvi nayo. Lakini tazama dabo kebini kwa ubavu: sehemu kubwa ya bodi imekaa nyuma ya ekseli. Springi za kawaida hushika chasisi sehemu mbili zilizo mbalimbali, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko unaisukuma chasisi juu sehemu moja tu, huku mzigo unakandamiza mkia. Barabara ya korongo baada ya korongo inamalizia kazi. Niliwahi kuletewa pikapu iliyopinda nyuma ya kebini kama ndizi, mlango wa nyuma haufungi, na mwenye gari ananiambia shida ni bawaba.

Shokapu. Hapa naomba unisikilize polepole kwa sababu ndipo pesa yako inapotelea. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Haibebi kitu. Ndani ni pistoni yenye vitundu inayotembea kwenye mafuta, na kila mtikisiko inaugeuza kuwa joto. Kwenye rasta inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde moja, mafuta yanachemka moto, yanafanya povu, na pistoni inaanza kukata povu badala ya mafuta. Ndipo unaposikia gari limekuwa jepesi ghafla, kama linaelea. Ukipumzika nusu saa chini ya mgunga, linarudi kuwa zima.

Sasa kabla hujanunua za nne, lala chini ya gari utazame raba za kugongea zilizo juu ya ekseli. Zikiwa zimepasuka au zimeng'aa kwa kugongwa, na shokapu zako zimekatikia kwenye jicho au kwenye mguu wake, basi hazikuwa mbovu. Springi zilishindwa, shokapu zikafanywa kizuizi. Hata ungeweka za bei ya ng'ombe zingekatika. Zikiwa zinavuja tu mafuta, hapo ndipo tuzungumze aina.

Utaambiwa ununue zenye gesi ya naitrojeni, na ni kweli, ule mgandamizo unazuia povu. Utaambiwa pia zile za bomba moja ni bora kuliko za mabomba mawili kwa sababu zinapoa haraka. Nalo ni kweli. Ila njia yako ni ya mawe ya volkano, na matairi ya mbele yanayatupa moja kwa moja kwenye shokapu za nyuma. Bomba moja likibonyea, pistoni inakwama hapo hapo, maana inatembea kwenye ukuta huo huo. La mabomba mawili hubonyea la nje na maisha yanaendelea. Kwako ningechagua mabomba mawili, yenye gesi, nene kuliko za kiwandani, na urefu unaolingana na springi mpya.

Na usidharau upepo wa tairi. Lami inapoisha mimi hushuka toka psi 40 za nyuma hadi 30 hivi nikiwa na mzigo, na mwendo naushusha pia. Beba pampu, ukirudi lami ujaze. Tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari, na hiyo umeshainunua.

Inchi tatu za rafiki yako, hapana. Vigo mbele ina springi za koili na miguu inayojitegemea. Ukipita milimita 40 au 50, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika, boljointi za juu zinafika mwisho, na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, haikubali. Juu ya hayo umebeba kilo 400 za maji yanayocheza.

Kuna jambo moja nililojifunza kwa hofu. Chini ya Vigo nyingi, karibu na difu ya nyuma, kuna kifimbo kinachounganisha ekseli na vali ya breki. Kazi yake ni kuhisi mzigo: chasisi ikishuka, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukiinua gari bila kurekebisha kifimbo, vali inadhani gari ni tupu wakati umejaa. Niliinua yangu, sikukigusa. Kushuka mteremko ule wa kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu, nimepakia saruji, breki za mbele zilibeba kazi yote hadi zikaanza kunuka. Nilifika chini kwa gia ya kwanza na dua. Kwa hiyo siku ya kufunga springi, simama hapo hapo umwoneshe fundi kifimbo hicho. Na taa zielekezwe upya, ukiwa na mzigo wa kawaida.

Mwisho, madumu yapange mbele kabisa, yagusane na kebini. Mitungi na magunia mepesi ndiyo yakae mkiani. Hiyo ni bure. Ianze safari ijayo.

*Fundi, habari ya kazi? Land Cruiser 79 yetu ya shambani iliinuliwa inchi mbili hapa Nanyuki. Tangu hapo usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na ukifika kilomita 80 gari latangatanga barabarani. Alaimenti imefanywa mara mbili.*
*— Mama wa shamba, Nanyuki*

Nzuri, mama. Alaimenti ya kawaida hapo hurekebisha mwelekeo wa matairi tu, na shida yako haiko hapo. Ekseli ya mbele ya 79 ni moja nzima, imeshikwa na mikono miwili mirefu. Gari likiinuliwa, mikono inazungusha ekseli kidogo, na ule mlalo unaorudisha usukani, mafundi huuita kasta, unapungua. Ulizia bushi maalum za kurekebisha kasta, zinazoingia kwenye mikono hiyo. Kabla ya kununua, inua mbele kwa jeki utikise tairi juu na chini: likicheza, anza na beringi za nako, kile kiungo kinachogeuza tairi.