Kuhusu hilo la kuitwa "mama mchungaji"

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tangu uwekewe mikono kuwa mchungaji, washarika wanakuita "mama mchungaji", na mumeo, mwalimu wa hesabu, wameshaanza kumwamkia "mchungaji". Hapo nilicheka. Unauliza uwasahihishe au uwaache.

Wasahihishe. Mama mchungaji ni mke wa mchungaji, ndivyo watu wanavyolisikia. Anayehubiri na kubatiza ni wewe, halafu cheo kinamwendea aliyeketi kwenye benchi! Na Kiswahili chenyewe hakikutulazimisha: mchungaji, shemasi, askofu, majina yote hayo hayaulizi mke au mume. Hilo "mama" tumelitanguliza sisi.

Nami nilikawia kuliona. Warumi 16 nimeihubiri sijui mara ngapi. Mstari wa kwanza, katika Biblia yangu hii kuukuu, Fibi, mwanamke, ni "mhudumu" wa kanisa la Kenkrea. Sasa fungua Wafilipi 1:1. Neno ni lile lile la Kigiriki, diakonos, ila huko limekuwa "mashemasi". Nimepita hapo miaka yote ya utumishi bila kujikwaa.

Wala si watafsiri wetu peke yao. Kanisa la Uingereza lilimpokea Elizabeth Ferard kuwa shemasi wa kike mwaka 1862, lakini yeye na wenzake hawakuhesabiwa kuwa na daraja takatifu. Shemasi wa jina. Wanawake walikuja kuwekwa mashemasi kamili 1987, makasisi 1994, na Libby Lane akawa askofu wao wa kwanza mwanamke 2015.

Atakayekutajia 1 Timotheo 2:12, pale Paulo anaposema hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha, msikilize kwa upole. Huyo ana hoja na anaiamini. Usimchanganye na anayekosea kwa mazoea.

Vikongwe wakikuita "mama" tu, itika, hiyo ni heshima yao. Ila kwenye ratiba ya ibada na kwenye barua za usharika liandikwe "Mchungaji", kisha jina lako. Na mumeo aache kuitikia.

Jana usiku nilimsomea mama yako barua yako. Kwa miaka yote niliyohudumu ameitwa mama mchungaji. Akaniambia, huku akikunja nguo, kwamba tangu zamani alitamani aitwe kwa jina lake. Sikuwahi kumuuliza.

Baba yako