Kilo Zimerudi na Wageni

Wiki hii nawajibu waliopungua, wakanenepa tena, na sasa wanataka kuanza upya. Ndio wengi kwenye barua zangu, kuliko hata wanaoanza mara ya kwanza. Nyinyi wa "kilo kumi kwa wiki mbili, harusi ni mwezi ujao", jibu lenu ni la tatu. Lisomeni mniache nipumue.

Dada, mwaka juzi nilitoka kilo 94 nikafika 76 kwa mayai, matango na maji ya ndimu. Leo niko 98. Nirudie ile ile kwa kuwa ilifanya kazi? – Mama wa Wawili, Donholm

Mama, matatu ikikutoa Donholm hadi mjini, kisha ikurudishe ulikotoka na makanga akudai nauli ya pili, utasema imekufikisha?

Mwili haukujua kwamba umejiamulia mwenyewe. Ulichoona ni njaa imeingia nyumbani, ukajihami. Mafuta ya mwilini yakipungua, leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Grelini, ile inayokuitia njaa, hupanda. Watafiti wa Melbourne walionyesha mwaka 2011 kwamba hata mwaka mzima baada ya watu kupungua, homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi mahali pake. Kisha mwaka 2016 ikatoka habari ya washindani 14 wa kipindi cha runinga cha kupunguza uzito huko Marekani: miaka sita baadaye, miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hizo ni kama chapati mbili, kila siku, ambazo mwenzako mwenye uzito kama wako anakula na wewe huna nafasi nazo.

Kwa hivyo sahani yako ya zamani iliporudi mezani ilimkuta mtu mwenye njaa zaidi na matumizi madogo zaidi. Sikulaumu kwa hilo. Ninakulaumu kwa kuchagua chakula ambacho usingeweza kukila hata Krismasi moja. Nani anatafuna tango mbele ya pilau?

Safari hii pika kile kile wanachokula watoto. Ugali ubaki, wa ukubwa wa ngumi. Sukuma ijae nusu ya sahani. Kila mlo uwe na ndengu, maharagwe, omena au yai, kwa sababu protini inashibisha na inasaidia kulinda misuli. Na mafuta, jamani! Nimeingia jikoni kwa watu wengi hapa Nairobi na kuona chupa ikiinamishwa kama mtu anamwagilia miche. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120. Pima kwa kijiko, jicho ni mwongo. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na ukishatoa sita au saba, simama. Kaa hapo miezi miwili au mitatu bila kushuka wala kupanda, ujifunze kukaa, ndipo uendelee. Hili la kusimama ni langu mwenyewe. Wako watakaokuambia usiupoteze moto ukiwa umewaka, nami nimeyazika matumaini ya wengi wa aina hiyo.

Nikifikia uzito ninaotaka, naweza kurudi kula kawaida? – K., Rongai

Hiyo kawaida ndiyo iliyokuleta kwangu.

Nimeona mtandaoni majani ya chai ya kukata tumbo. Rafiki yangu ametoa kilo nne kwa wiki. Nina presha kidogo. Yanafaa? – Bila jina, Pipeline

Mara ya ngapi hii? Nyingi ya chai hizo zina sena, dawa ya kuendesha tumbo. Rafiki yako ametoa maji na choo, na mafuta yamekaa yanamtazama. Hata bila chai, ukijinyima wanga siku chache mzani hushuka, kwa kuwa kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini hushika kama gramu tatu za maji. Kula ugali Jumapili, maji yamerudi. Watu wa harusi, mmesikia.

Lakini presha yako ndiyo iliyonifanya nikujibu. Kuna dawa iitwayo sibutramini iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza uzito ambazo karatasi yake inasema "mitishamba asilia". Kidonge au chai isiyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu usiitie kinywani.

Sindano za semaglutide zimenitoa kilo 12. Ni ghali. Niache sasa? – M., Kilimani

Muulize aliyekuandikia, kama kweli kuna aliyekuandikia. Katika utafiti uliochapishwa 2022, waliosimamisha walirudisha kama thuluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Panga bajeti ukijua hivyo. Na nyinyi mnaonunua sindano saluni, ikiwa imeshinda nje ya friji ndani ya mkoba wa mtu, sina la kuwaambia.

Mama mkwe anasema nimekonda, watu watadhani mwanawe ananinyima. Tukienda ushago ananipakulia mlima. – N., Kahawa West

Humshindi kwa hoja za kalori, usijaribu. Kwake kukonda ni ugonjwa au umaskini, na aliyoyaona maishani yanamfanya aamini hivyo. Ingia jikoni mapema, ushike mwiko wewe, ujipakulie mwenyewe. Anza na mboga. Kula polepole na ubakishe kidogo hadi mwisho, maana sahani tupu kwa mama mkwe ni ombi la kuongezewa. Usitangaze kwamba unapungua. Mwambie bwana yako tu, na umwambie kabla hamjashuka garini.

Natembea Kibera hadi Eneo la Viwanda kila siku. Mbona sipungui? – O.

Kutembea hulinda kilo zilizotoka kuliko kunavyozitoa. Marekani kuna daftari lililoanzishwa 1994 la watu waliotoa angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi, na wengi wao hujishughulisha karibu saa moja kwa siku. Endelea, basi. Ila niambie ukifika kazini unakunywa nini. Chai ya maziwa yenye sukari na mandazi mawili hulipia safari yote.

Nijipime mara ngapi? – Wengi

Mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, mzani ule ule. Wa yule kijana wa kando ya barabara, ukiwa na koti na buti, hauhesabiki. Ukipanda kilo mbili juu ya ulipokaa, anza kurekebisha wiki hiyo hiyo. Mimi nilirudisha kilo 20 mzani wangu ukiwa chini ya kitanda, nimeufunika na shuka kuukuu. Siku hizi uko mlangoni mwa bafu, na nimeshaukwaa kwa kidole mara kadhaa.