Muulize Serahangi: Meli imetelekezwa, nimchangie mwanangu tiketi?

SWALI: Mzee Serahangi, shikamoo. Mwanangu ni oila, yaani mtia mafuta mitambo, kwenye meli ya mizigo yenye bendera ya Panama. Sasa ni miezi mitano hajalipwa. Meli imetia nanga nje ya Fujairah, Falme za Kiarabu, mwenye meli hapokei simu, na maji ya kunywa wanagawiana kwa chupa. Sasa wameletewa karatasi: atakayesaini kwamba hana dai lolote ndiye atakayepewa tiketi. Wakala aliyempeleka tulimlipa ada ya nafasi, naye kanyamaza. Jirani ananiambia lipo shirika la hisani la mabaharia, lakini nasikia ni la kanisa, nasi ni Waislamu. Watamsaidia? Au nifanye mchango mtaani nimkatie tiketi mwenyewe?
Mama wa baharia, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, na kijana naye mfikishie pole zangu.

La haraka kwanza: asisaini. Mwenye meli hataki kingine kwake ila sahihi ile, maana akishaipata, mishahara ya miezi mitano inageuka hadithi. Na mchango wa tiketi usiuanze. Watu wa Likoni hawana deni na meli hiyo. Inaniuma kila nikisikia akina mama wanauza cherehani na mbuzi ili kulipa kile ambacho tajiri wa meli anapaswa kulipa.

Panama imeridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006. Tangu tarehe 18 Januari 2017, meli zinazobanwa na mkataba huo lazima ziwe na bima ya mabaharia waliotelekezwa. Baharia akikaa miezi miwili bila mshahara, au akiachwa bila chakula na maji, au akinyimwa safari ya kurudi kwao, huyo katelekezwa. Bima inalipa mshahara wa hadi miezi 4, chakula, maji, mafuta ya lazima ili waweze kuishi melini, matibabu na safari ya kurudi nyumbani. Hati yake hubandikwa melini mahali pa wazi, mara nyingi karibu na chumba cha kulia, na ina jina la kampuni ya bima na namna ya kuipata. Mwanao anaweza kuwaandikia yeye mwenyewe, bila kusubiri ruhusa ya nahodha. Aipige picha leo hii, na mkataba wake wa kazi pia, na hesabu za mshahara. Ule mwezi wa tano usiolipwa na bima haupotei: katika nchi nyingi mshahara wa baharia ni deni linaloifuata meli yenyewe, hata ikiuzwa.

Sasa hilo shirika. Bila shaka jirani anakusudia Mission to Seafarers, wenye bendera ya malaika anayeruka, ambao wapo hata hapa Mombasa. Ni la kanisa la Kianglikana, kweli. Mwaka 1835 kasisi John Ashley alianza kuwaendea mabaharia waliotia nanga katika Mlango wa Bristol, Uingereza, watu ambao hakuna aliyekuwa akiwajali, na mwaka 1856 shirika likaundwa. Lakini hawamuulizi mtu dini yake. Mimi ni Mwislamu, na nakumbuka Antwerp, Ubelgiji, baridi ya kukata masikio, kasisi alipanda ngazi ya meli yetu na mfuko wa kofia za sufu zilizofumwa kwa mkono na akina mama wa kujitolea. Alinipa ya buluu, akanipa na kadi ya simu, kisha akaniuliza mke wangu anaendeleaje. Habari za dini hakuzitaja hata kidogo. Nilipomuuliza kibla kiko upande gani, alikwenda kumuuliza nahodha.

Basi, mwanao awatafute bila wasiwasi. Wanaweza kuwapelekea mabaharia chakula na maji, kuwapatia njia ya kuongea na nyumbani, kukaa nao na kuwasikiliza, na kulifikisha jambo lao kwa wenye nguvu ya kulisukuma. Meli ikiwa nangani huwa kazi ngumu zaidi, maana panahitajika boti na kibali, kwa hiyo wasipofika siku hiyo hiyo asikate tamaa. Mshahara hawalipi, wala si kazi yao.

Wenye nguvu ya kusukuma ni ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, ambao wana mkaguzi Mombasa. Chama cha Mabaharia cha Kenya kitakufikisha kwake. Wewe kama mama unaweza pia kupiga simu SeafarerHelp, huduma ya bure ya saa 24 inayosikiliza mabaharia na familia zao.

Kuhusu wakala: ule Mkataba wa 2006 unakataza pia kumtoza baharia ada ya kupatiwa kazi. Baharia hujilipia cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti tu. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Chukua risiti, kama ipo, ukamshtaki kwa KMA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayosimamia mambo ya bahari. Kama risiti huna, andika tarehe na kiasi, na umtaje aliyeshuhudia.

Akishaipiga picha hati ya bima, nitumie kupitia ofisi ya jarida. Nitakwenda nawe kwa mkaguzi.