Kabla ya kununua kiyoyozi, itafutie hewa njia ya kutokea

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Dar es Salaam, kuanzia Goba hadi Kigamboni, zinafanana: bati la rangi, dari la jipsam, vigae sakafuni, madirisha makubwa ya aluminiamu. Zinapendeza kweli. Ingia ndani saa nane mchana umeme umekatika, ndipo utajua kilichosahaulika. Nimeishi kwenye nyumba ya namna hiyo, nikahangaika na joto, uvundo wa makabati na watoto wanaoamka pua zimeziba. Nilichojifunza ni kwamba mara nyingi ukubwa wa dirisha si tatizo. Hewa ina pa kuingilia, haina pa kutokea.

Fanya jaribio hili. Washa kijiti cha udi, simama katikati ya chumba, madirisha na mlango viwe kama unavyoviacha usiku, kisha tulia uutazame moshi. Ukiinama na kuvutwa upande mmoja, hewa inapita. Ukipanda wima na kutanda chini ya dari, chumba kimefungwa, hata kama dirisha liko wazi. Chumba cha watoto wetu moshi ulitanda vivyo hivyo. Nilipofungua mlango wao na dirisha la jikoni upande wa pili wa nyumba, ukainama papo hapo ukatokea mlangoni. Tukamwita fundi akatoboa juu ya mlango na kuweka luva za mbao, yaani vibao vilivyolazwa mshazari vikiachiana nafasi, hewa ipite hata mlango ukifungwa. Nyumba za zamani za Kariakoo zililijua jambo hili: korido imenyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, upepo unakatiza nyumba nzima.

Dirisha la kusukuma nalo lina kasoro yake. Kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo hata ukilifungua lote unapata nusu tu ya uwazi. Juu ya hapo kuna wavu wa mbu. Barabara zetu zina vumbi, na wavu usiooshwa miezi mingi huziba matundu yake kabisa. Uvue, uloweke kwenye beseni la maji ya sabuni, usugue kwa brashi laini. Maji yatakayotoka ni meusi, na hayo ndiyo uliyokuwa ukivutia pumzi.

Kuhusu kiyoyozi, wengi wanadhani kinaleta hewa safi. Hiki cha kawaida cha ukutani, chenye mashine moja ndani na nyingine nje, hakiingizi hewa mpya hata kidogo. Kinaipooza na kuizungusha ileile mliyokwisha kuipumua. Mkilala wengi chumba kimefungwa, mnaamka vichwa vizito. Acheni upenyo mdogo dirishani, na asubuhi fungueni pande zote mbili. Kagua pia feni ya kuvuta hewa ya bafuni: mafundi wengine huielekeza ndani ya dari badala ya nje, mvuke ukabaki huko ukizaa ukungu.

Sasa moshi, na hapa nawaomba tusichukulie mambo kirahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, ukakuta kipande kimoja kinatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chumbani kwa mtoto! Chandarua kinatosha. Mkaa ni hatari zaidi. Watu wa Njombe, Mbeya na Arusha huingiza jiko chumbani wakati wa baridi, wakiamini mkaa uliokolea hauna madhara kwa kuwa hautoi moshi. Hapo ndipo kabonimonoksidi inapokuwepo, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima zimelala zisiamke. Jiko la mkaa halilali na watu, hata kwa dakika chache.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na gesi imeshaingia majumbani kwa kasi. Ni nafuu kubwa kwa mapafu ya mama zetu. Ila gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa chini. Kwa hiyo jikoni panahitaji tundu karibu na sakafu linalotoka nje, pamoja na dirisha la juu la kutoa mvuke na mafuta.

Kama bado unajenga, zungumza na fundi kabla ya linta, ile boriti inayopita juu ya milango na madirisha. Madirisha yapangwe kwa kufuata pepo: kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huchukua miezi ya katikati ya mwaka. Kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili. Kisipoweza, kipate tundu juu ya mlango. Acha matofali ya matundu chini ya paa pande zote, joto lililojikusanya juu ya jipsam litoke. Ukiwa mpangaji, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya luva za mlangoni kabla hujalipa kodi ya miezi inayofuata, maana hapo ndipo anakusikiliza.