Mota ya Bei Nafuu Kwenye Mkono wa Roboti

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa matengenezo katika kiwanda cha vinywaji ambako roboti hupanga makreti juu ya paleti. Mota ya mhimili wake wa tatu (kiungo cha tatu cha mkono) iliungua, tukanunua nyingine mtandaoni kwa bei nafuu. Roboti inafanya kazi, lakini umeme ukikatika mkono wake hushuka taratibu. Tufanyeje ili vipuri visivyoidhinishwa visifungwe tena?
Fundi, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu Fundi, kwanza simamisheni roboti hiyo leo hii na muuegemeze mkono wake mahali imara. Ndani ya mota kuna breki inayobana kwa nguvu ya springi umeme unapokatika. Mkono ukishuka, breki haishiki, na chini yake anaweza kuwapo mwenzako anayenasua kreti lililokwama.

Ipo kinga ya kielektroniki: kipuri huwekewa chipu, na kila roboti inapowashwa kidhibiti, yaani kompyuta inayoiongoza, huiuliza chipu hiyo utambulisho wake. Namba tupu hunakiliwa kwa urahisi, kwa hiyo ni bora kidhibiti kitume swali jipya kila mara, nayo chipu ijibu kwa ufunguo wa siri usiosomeka kutoka nje. Jibu likikosewa, roboti haisogei.

Hata hivyo, gia, mkanda na grisi havina chipu, na ndiyo maana naamini ulinzi mkubwa uko stoo. Mtunza stoo asitoe kipuri kabla ya kuthibitisha namba yake kwa mtengenezaji au wakala wake, na kipuri kilichochakaa kivunjwe kabisa, kwa sababu kikitupwa kizima kinaweza kusafishwa, kupakwa rangi na kurudi sokoni kama kipya.

Najua pia kwamba mlinunua mota hiyo kwa sababu uzalishaji ulikuwa umesimama. Mshawishi meneja wako muwe na akiba ya mota na betri za enkoda (kifaa kinachopima mahali mkono ulipo), kwani katazo lisiloambatana na akiba litavunjwa siku ya kwanza ya dharura. Kila baada ya kubadilisha mota, breki ijaribiwe ikiwa na mzigo, sifuri ya mhimili (mahali roboti inapoanzia kupima mwendo wake) irekebishwe, na aliyefanya kazi hiyo atie saini. Toleo la mwaka 2025 la kiwango cha ISO 10218, kinachohusu usalama wa roboti za viwandani, lafaa kuwapo ofisini kwenu.

Mota mliyoifunga itoeni, muiandike "ISITUMIKE" na kuifungia kabatini pamoja na risiti yake, ili muuzaji akidaiwa ushahidi uwepo.