Abiria wa shilingi mia mbili

Wiki iliyopita mliuliza: "Kati ya miji uliyowahi kuishi, ni upi ambao usafiri wake ungetamani uhamie kwenu, na ungechukua nini hasa?" Nimesoma majibu ya wenzangu na wengi wamechagua treni: za chini ya ardhi, za umeme, zisizo na dereva. Nawaelewa. Mimi mwenyewe siku ya kwanza kupanda SGR, treni yetu mpya ya umeme, kwenda Morogoro sikubanduka dirishani. Lakini treni siichukui. Ningechukua kutoka London kadi moja ya plastiki, ile aliyokuwa akitembea nayo mwanangu alipoanza sekondari. Ili mnielewe kwa nini, inabidi kwanza nirudi Buguruni, hapa Dar es Salaam.

Nimekulia Temeke, na sekondari nilisoma upande wa pili wa mji. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa tumeshafika kituoni, wasichana watano au sita, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Gari likija, konda ameshauona weupe wa shati kutoka mbali. "Wawili tu! Madenti wawili tu!" Madenti ni sisi wanafunzi. Tulio nyuma tunabaki. La pili halisimami kabisa. La tatu linasimama mbele ya kituo, hatua thelathini, ili watu wazima waliokaa kijanja walikimbilie na sisi tusiliwahi. Tulijifunza mbinu. Tulivaa sweta juu ya shati na kufunga khanga juu ya sketi, mpaka konda anapokuja kudai nauli ndipo anagundua. Wenzetu ambao wazazi wao walikuwa na chochote walilipa nauli ya mtu mzima ili wasisumbuliwe. Tuliobaki tulifika kipindi cha pili kimeshaanza, na mwalimu wa zamu alikuwa langoni na fimbo. Asubuhi ile ile umeadhibiwa mara mbili, na konda kisha na mwalimu, kwa kosa ambalo hukulifanya.

Ninaandika "tulikuwa", lakini muhula huu nimesimama Buguruni Sheli siku tatu mfululizo, na nimeyaona yale yale. Mtoto wa kama miaka tisa, begi limemzidi mgongo, anamwambia konda, "Anko, naomba nipande." Konda anapitisha mkono juu ya kichwa chake kumvuta mama aliye nyuma yake. Gari linaondoka, mtoto anarudi kusimama alipokuwa bila hata kununa. Hilo la kutonuna ndilo lililoniuma. Ameshazoea.

Kwa miaka mingi niliamini makonda wana roho mbaya. Aliyenitoa katika imani hiyo ni binamu yangu, ambaye alifanya kazi hiyo kwanza kama deiwaka, yaani wa kushikia zamu ya mwingine kwa siku, kisha akapata gari la kudumu. Alinieleza hivi. Gari si la konda wala si la dereva. Jioni tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake kamili, yaani fedha aliyowapangia kwa siku, mvua iwe imenyesha, trafiki awe ameandika, tairi liwe limepasuka. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho konda anachogawana na suka, yaani dereva, na siku nyingine hakibaki kitu. Sasa weka nauli zilizopangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, Desemba 2023: njia isiyozidi kilomita 10, mtu mzima shilingi 600, mwanafunzi 200. Gari limejaa asubuhi, kila nafasi ina mtu wa kuigombea. Kila denti aliyesimama pale ambapo mtu mzima angesimama amemtoa konda shilingi 400 mfukoni. Kumi ni 4,000. "Dada," aliniambia, "mimi pia nina watoto wanaosimama kituoni."

Tangu siku hiyo siwezi kulitazama jambo hili kwa macho ya zamani. Nchi imesema, na imesema vizuri, kwamba mtoto anayekwenda shule asilipe sawa na mtu mzima. Lakini haikusema ile 400 ataitoa nani. Ikaangukia mikononi mwa kijana anayening'inia mlangoni, asiye na mkataba wala mshahara, na yeye akaipeleka kwa aliye mdogo kuliko wote kituoni.

London niliishi miaka minane, pembezoni mwa Old Kent Road, na basi letu lilikuwa namba 53. Mji ule una mengi magumu na sitaki mtu adhani ninaupigia debe. Kodi ya nyumba ilikula zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa kuhudumia wazee majumbani mwao. Ila mwanangu alipotimiza miaka 11 na kuanza sekondari, nilijaza fomu, nikapeleka picha yake, na kadi ikaja kwa posta. Anaigusisha kwenye kifaa cha njano mlangoni, kinalia, anaingia. Bure. Watoto wa chini ya miaka 16 wanapanda mabasi ya mji ule bila kulipa tangu Septemba 2005, na mwaka uliofuata nafuu hiyo ikafikishwa kwa walio bado masomoni hadi miaka 17.

Wiki za kwanza nilimsindikiza mpaka kituoni, kwa kisingizio cha kuelekea dukani. Nilikuwa nangoja nione dereva atakavyomtazama. Sikuona chochote. Dereva alimtazama kama alivyomtazama yule mzee mwenye mkongojo na yule kijana mwenye suti, yaani hakumtazama kabisa. Msomaji ambaye hajawahi kukataliwa na daladala akiwa na sare za shule hataelewa kwa nini nilirudi nyumbani nikilia.

Baadaye nilimuuliza jirani yetu, dereva wa basi kutoka Ghana, kwa nini hawawabagui watoto. Hakulielewa swali. Ilibidi nimweleze habari za hesabu ndipo akacheka, akasema kwao Accra anaijua vizuri. Kisha akanieleza mpango wao. Mabasi ya London ni ya kampuni binafsi, kama yalivyo ya kwetu. Mamlaka ya usafiri ya jiji, TfL, iliyoanzishwa mwaka 2000, inatangaza zabuni ya kila njia. Kampuni inayoshinda inalipwa kwa kuiendesha njia ile, kwa kilomita zilizokimbiwa na kwa mabasi kufika kwa wakati. Nauli haziingii mfukoni mwa kampuni, zinakwenda kwa mamlaka. Dereva ana mshahara. Mtoto akipanda hapotezi senti, akimwacha hapati kitu. Hakuna mwalimu wa maadili aliyewafundisha madereva wale upole kuliko wetu. Wameondolewa tu sababu ya kuwa wakatili.

Jioni moja ya Novemba, saa kumi na moja giza limeshaingia, mwanangu alisahau kadi kwenye mfuko wa koti alilolivua darasani. Alipanda akamwambia dereva ukweli. Dereva akamwonyesha kwa kichwa: pita. Nilidhani ni huruma yake. Kumbe madereva wameagizwa wasimwache kituoni mtoto au mtu yeyote aliye hatarini eti kwa sababu hana nauli. Hebu fikirini mji ambao agizo hilo limeandikwa.

Mpango ule nao una gharama, na mtu anayetaka kuuiga lazima aziseme. TfL inategemea sana nauli za watu wazima, hasa za treni za chini ya ardhi. Mwaka 2020 abiria walipojifungia majumbani, ilibidi serikali kuu iiokoe, na katika masharti ya kwanza ya msaada ikatakwa safari hizo za bure za watoto zisitishwe. Wazazi, walimu na jiji walipinga, na sharti hilo halikutekelezwa. Wapo pia wazee wanaolalamikia kelele za wanafunzi ghorofa ya juu ya basi, na wana haki yao. Mtoto anayefanya fujo anaweza kunyang'anywa kadi. Hilo nalo ningelichukua.

Kuna kitu kimoja London haina, na Mungu atunusuru tusikipoteze tukikimbilia kadi. Nimepanda 53 na mtoto mchanga kifuani na mifuko miwili mkononi, na sikumbuki mkono hata mmoja ulionyooka. Buguruni sijafika katikati ya gari mtu ameshasema, "Dada, lete nikushikie." Begi la mwanafunzi aliyesimama linakaa kwenye mapaja ya mama asiyemjua mpaka Makumbusho, na nauli ya aliye nyuma inapita mikono sita bila kupungua. Watu wetu hawana shida na mtoto. Mara nyingi nimesikia abiria wakimkemea konda: "Mpakie huyo, ni mwanao!" Shida iko katika hesabu ya jioni.

Nairobi nilikaa miezi mitatu tu kwa mafunzo, nikipanda matatu namba 46 za Kawangware. Kuanzia Februari 2004, zile kanuni zinazoitwa za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliwavalisha makanga, yaani makonda wa huko, sare, zikaweka mikanda kwenye viti na kuzipiga matatu mstari wa njano. Hilo ni jambo kubwa, na watu walio hai leo wana deni nalo. Lakini nauli iliendelea kupanda mvua ikianza kunyesha na kushuka jua likitoka, kwa sababu mstari wa njano haugusi makubaliano ya dereva na mwenye gari. Kanuni zinazomsimamia aliye mlangoni bila kumgusa anayepokea fedha jioni zina mpaka.

Waliolifikia jambo kwenye mzizi ni Bogotá, Colombia, ingawa sijakanyaga huko. Kabla ya mwaka 2000 madereva wa mabasi ya mji ule walikuwa wakilipwa kwa kichwa cha abiria, na mbio zao barabarani wenyewe waliziita vita ya senti. TransMilenio, mfumo wao wa mabasi ya haraka, ilipoanza Desemba mwaka huo, ikifuata njia iliyofunguliwa na Curitiba ya Brazil tangu 1974, mabasi yalipewa barabara yake, na kampuni zikaanza kulipwa kwa kilomita badala ya kichwa. Mwendokasi wetu, mabasi ya haraka ya Dar es Salaam ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni mjukuu wa mpango ule. Nauli inalipwa kituoni kabla ya kupanda, mwanafunzi analipa 200 yake, na mlangoni hakuna konda wa kuchagua. Kwa hiyo jambo hili si la Ulaya peke yake. Tumeshalijaribu hapa hapa, na mtoto wa Kimara hana haja ya kuficha shati. Pale mabasi yanapokuwa machache kuliko watu, kweli, anabanwa na viwiko vya watu wazima, na hapo dawa ni kuongeza mabasi. Ila hakuna anayemkataa kwa sababu ya bei yake. Sehemu kubwa ya watoto wa mji huu, hata hivyo, wanakwenda shule kwa daladala, na wataendelea hivyo kwa miaka mingi.

Ndiyo maana nataka ile kadi. Mwanafunzi apewe kadi yenye picha yake, aigusishe kwenye kifaa cha daladala, alipe 200 zake kama kawaida, na 400 zilizobaki ziingie kwa mwenye gari kutoka mfuko wa umma. Siku konda atakapojua kwamba denti ni 600 kamili, tena za uhakika, hatamruka. Atamwita. Fedha zitoke wapi? Mimi ningeanza na ada za maegesho ya magari mjini. London ilipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, Februari 2003, sheria ilitaka mapato yake yatumike kwenye usafiri. Anayekwenda kazini peke yake ndani ya gari la viti vitano anaweza kumchangia anayekwenda shule amesimama.

Nimeshaambiwa kwamba udanganyifu utaingia, kwamba kadi zitaazimwa na safari hewa zitaandikwa. Inawezekana, na kwa hiyo ianze na njia moja, tuseme Temeke–Makumbusho, kwa muhula mmoja, watu wahesabu. Nimeambiwa pia kwamba dawa ni mabasi ya shule. Yapo, ya njano, yanapita mbele yangu Buguruni kila asubuhi yakiwa nusu tupu, ya watoto ambao wazazi wao wanaweza kulipa. Siwalaumu wazazi hao. Lakini wao ndio wenye simu za kupiga na ofisi za kuingia, na wamekwishaondoka kituoni. Waliobaki pale hawana wa kuwasemea. Msichana aliyekataliwa na magari manne anaona bodaboda imesimama pembeni, kijana anamwambia panda nikupeleke, hulipi. Walimu na wazazi wa mji huu wanajua lifti hiyo inavyolipwa baadaye. Kwangu hili halina tofauti na suala la maji au la zahanati.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, na ile kadi imo kwenye kabati langu, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Binti yangu mdogo yuko darasa la sita hapa Temeke. Kesho saa kumi na mbili kasoro nitasimama naye kituoni, kwa sababu akiwa na mimi anapanda. Naomba wasomaji wa Mombasa, Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi mniambie: kwenu mtoto mwenye sare, akiwa peke yake, anapandaje? Na nauli yake anayeijaza ni nani?

Mama wa watoto wawili,
Temeke, Dar es Salaam