Soya na lehemu: kula soya yenyewe, vidonge viache

Ndugu uliyeuliza kama vidonge vya isoflavoni vitamshushia mama lehemu (kolesteroli), hela hiyo nunulia soya.

Isoflavoni ni kemikali za asili za mimea, na zimo kweli kwenye soya, hasa genisteini na daidzeini, na kwa kuwa zinafanana na homoni ya estrojeni zilitangazwa sana kuwa kinga ya moyo. Mwaka 2006 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia majaribio yaliyokuwepo, kikakuta isoflavoni peke yake hazishushi LDL, ile lehemu mbaya. Protini ya soya huishusha, ila kidogo: kama asilimia 3, tena kwa gramu 50 hivi kwa siku.

Faida kubwa iko kwenye kubadilisha. Soya ikikaa mahali pa nyama ya mafuta, mafuta yanayoganda yanapungua, nyuzinyuzi zinaongezeka. Mama akiendelea na nyama na chapati za samli zilezile kisha akashushia na glasi ya maziwa ya soya, usitegemee kipimo kibadilike. Kikombe cha soya iliyochemshwa kina protini karibu gramu 30; glasi ya maziwa yake huwa na 7 hivi, kutegemea uzito wake.

Maziwa mnaweza kutengeneza nyumbani, bila sukari. Loweka kikombe cha soya usiku kucha, mwaga maji. Itumbukize kwenye maji yanayotokota dakika 5. Bila hivyo kimeng'enya chake huleta ile harufu ya umaharage inayowafanya watu waichukie. Saga kwa vikombe 6 vya maji, chuja kwa kitambaa, bandika.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: povu hupanda kabla maziwa hayajachemka, mtu akadhani tayari, akaepua. Soya isiyoiva ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha tumboni kinachosaga protini, vinazuia protini isisagike vizuri, na tumbo linavurugika. Punguza moto, koroga hadi chini yasishike, hesabu dakika 15 hadi 20 tangu yatokote kweli. Unga nao utokane na soya iliyokaangwa kabla ya kusagwa.

Statini, dawa za kushusha lehemu, kama ameandikiwa, asiache. Kama anatumia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingoni, atenganishe na soya kwa saa kadhaa, maana soya hupunguza ufyonzwaji wake. Akiwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amwambie daktari kabla ya kuanza kuila kila siku.